Mshipa wa Mkono wa Levy

Asubuhi ile ya mwaka 1997, bandari ya Kashikishi ilifurika watu hadi mtu anapita kwa bega. Germaine, kitenge chake cha rangi ya papai kimemkaa vyema kiunoni, alikuwa akipenya katikati ya wauza dagaa ndipo mwanamume alipoibuka ziwani na mtungi wa hewa mgongoni, akatembea kinyumenyume na kumkanyaga mguu.

"We baba, hauone mutu?"

"Nisamehe, mama. Kule chini hakuna watu, nimesahau kuangalia."

Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye kope. Germaine alikusudia kugomba, akajikuta anacheka.

Mchana wakakutana tena. Germaine alikuwa muuguzi kutoka Lubumbashi aliyefikia kwa mjomba wake Nkulu, na msaidizi wa Daktari Chileshe, mama aliyekuja kuwapima wazamiaji waliokuwa wakiopoa injini za boti iliyozama upande wa Chisenga. Mtu akitoka kuzamia, mishipa yake ya damu hukakamaa. Daktari alitaka kujua kama vitamini C na E, zikimezwa kabla ya kushuka, zingeiacha laini. Wazamiaji wengine walipewa vitamini, wengine vidonge vya unga mtupu vilivyofanana nazo kabisa. Nani kapewa nini, alijua Daktari peke yake.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa yule yule wa bandarini. Aliitwa Levy, na sasa alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Germaine akamfunga mkanda mkononi, akaubana, akauachia, akatazama kwenye kioo cha mashine jinsi mshipa unavyofunguka, akaukadiria upana wake kwa jicho.

"Mashine yako inaonyesha kama niko nakuwaza?"

"Inaonyesha damu tu. Nyamaza, unatikisa picha."

"Basi damu ndiyo iko nakuwaza."

Hapo ndipo ilipoanza. Jioni walikula samaki wa kuchoma ufukweni, vidole vikinata mafuta. Germaine akimwita chéri, yaani mpenzi kwa Kifaransa, Levy akimwita mama wa mishipa. Germaine alitembea Nchelenge nzima, mji jirani na bandari, kama mtu mwenye sikukuu yake peke yake.

Lakini kipimo cha Levy kikaanza kushuka. Kila akitoka majini, mshipa ulifunguka kidogo kuliko jana, na uso wa Germaine haukujua kuficha.

"Ni mbaya?" Levy akauliza.

"Siruhusiwi kukuambia."

"Basi niko nameza unga. Nipe vidonge vya Eddy." Eddy alikuwa mzamiaji mwenzake.

"Sijue Eddy anameza nini. Na hata ningejua, nisingekupa."

"Kumbe kwako mimi ni mkono wa kupima tu."

Akafungua mkanda mwenyewe, akatoka. Kesho yake Germaine akasikia kwamba amepanda basi dogo la kwenda mji wa Mansa.

Alilia, akanawa uso, akaenda kwa Daktari. "Niondoe kwenye mashine, mama. Niko napenda mmoja wao. Nikimupima, sijue tena kama naona mushipa ao woga yangu."

Daktari Chileshe hakumkaripia. Alizirudisha nyuma kanda za picha zilizorekodiwa na mashine, akapima upya mwenyewe, polepole, kisha akavua miwani.

"Mshipa wa Levy uko sawa na wa wenzake. Ni wewe ulikuwa unaubana kwa macho. Umefanya vizuri kusema."

Simu ya ofisini ikalia, Germaine akaipokea. Alikuwa Levy, kutoka Mansa.

"Germaine, usikate. Nimekosa kukuambia vile."

"Mi pia nimekosa. Nilikupima vibaya, Levy, juu ya kukuhofia. Daktari amerudilia yote. Uko muzima."

"Sasa nani atanipima?"

"Yeye mwenyewe. Mi nimeacha mukono wako."

"Umeniacha?"

"Nimeacha kipimo, chéri. Sikia vizuri."

Levy akacheka hadi simu ikakwaruza. "Usitoke hapo. Basi la kurudi linajaa."

Aliposhuka Nchelenge, vumbi limemfunika mpaka nyusi, Germaine alikuwa kituoni amevaa gauni la kijani na viatu vya Jumapili. Hawakukumbatiana, wauza samaki walikuwa wakitazama. Levy alisogea karibu, akashusha sauti.

"Nikimtuma shibukombe, mshenga wangu, kwa mjomba wako Nkulu aniombee mke, atampokea?"

Moyo wa Germaine ulipiga hadi kwenye vidole.

"Amwahi kabla ya Jumatatu," alisema. "Mjomba anavuka ziwa kwenda Kilwa ya kwetu ng'ambo, na mi sitaki kungojea arudi."