Kikombe Alichokikata Wubalem

Wubalem aliigawa video ya marehemu mama yake katika sura tatu, na kompyuta ikamwonyesha nne.

Alidhani ni macho tu. Tangu asubuhi alikuwa akiliunda upya faili lililoharibika: picha, sauti, na maandishi ya Kiswidi chini, yaliyotafsiriwa na dada yake Tihitina. Kazi yote ilikuwa kwa ajili ya Mahlet, binti wa Tihitina, aliyezaliwa Stockholm na asiyejua neno la Kiamhari. Mtoto alitaka kumwona bibi yake akipika kahawa nyumbani Gondar. Wubalem akaipa kila awamu ya kahawa sura yake: abol ya kwanza, tona ya pili, bereka ya tatu.

Sura ya nne haikuwa na jina. Alipoifungua aliuona mkono wa mama ukiweka kikombe kimoja kando, ukutani, pasipokaa mgeni. Kipande hicho alikuwa amekikata kwa mkono wake mwenyewe. Kikombe kilikuwa cha pepo wa mama, aliyempanda tangu usichana na kumfanya kiti chake. Wubalem alikuwa ameokoka, na mambo hayo yalimtia aibu. Hakutaka mtoto ayaulizie.

Akaifuta. Akaliunda faili tena, akazihesabu sura, zikawa tatu. Akamtumia dada yake.

Hapo ndipo ubani ulipoanza kunukia.

Mama Zenebech wa jirani alikuja kumwita kahawa, akasimama mlangoni akicheka. "We mlokole, leo unafukiza? Umerudi kwenye kundi la mama yako?"

"Sijawasha kitu, mama."

Mama Zenebech akanusa, na kicheko kikamkauka. "Huu ni ubani wa mama yako," alinong'ona. "Umemfanya nini pepo wake?"

"Nimekitoa kikombe chake kwenye video. Basi."

"Umemnyima mbele za watu? Ee, mwanangu. Mama yako alipokufa, pepo alibaki hana kiti, na sisi tukanyamaza ili alale. Sasa umemwamsha, na atamtafuta yeyote wa damu yenu."

Simu ikaita. Kwenye skrini uso wa Tihitina ulikuwa mweupe kama unga.

"Wubi," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye uliyemfundisha Mahi Kiamhari?"

Akaigeuza simu. Mahlet alikuwa ameketi mbele ya televisheni, mgongo umenyooka, na shingo yake ndogo ilikuwa ikizunguka polepole, ikizunguka bila kusimama, kama shingo ya mama ilivyokuwa ikizunguka zamani kabla hajaanza kuongea kwa sauti isiyo yake, sauti ileile nzito ya kiume ambayo Wubalem aliikimbia utotoni akajificha chini ya kitanda, na ambayo sasa ilitoka kinywani mwa mtoto wa miaka sita.

"Wubalem. Kikombe changu kiko wapi?"

Wubalem alianza kuomba kwa jina la Yesu. Mtoto akacheka, shingo ikazidi kasi.

"Atamvunja," Tihitina alilia. "Wubi, mwanangu atavunjika shingo!"

"Anataka kiti," Mama Zenebech akamnong'oneza Wubalem sikioni. "Ukimkaribisha wewe, atamwacha mtoto. Mwingine hayupo."

Wubalem aliogopa kuliko siku ya kumzika mama. Alitamani kukimbia kama alivyokimbia utotoni. Lakini alikitoa kabatini kikombe kilekile cha kwenye video, kisicho na kishikio, Mama Zenebech akaleta birika lake mbio, na Wubalem akamimina kahawa kikombe kikajaa, akakiweka ukutani.

"Njoo kwangu," alisema. "Mwache mtoto."

Kule Stockholm Mahlet aliangua kilio, akamwita mama yake kwa Kiswidi. Tihitina alimkumbatia, akalia naye.

"Amerudi, Wubi. Asante. Wubi? Uko salama?"

Wubalem alitaka kumjibu kwamba yuko salama. Badala yake mkono wake ulikichukua kikombe ukutani, akainywa kahawa chungu yote, ingawa hakuwahi kuinywa bila sukari. Mama Zenebech akajifunika kichwa kwa shali na kuinamisha uso, kama alivyokuwa akifanya mbele ya mama alipopandwa.

Kwenye kompyuta video ilikuwa ikicheza yenyewe. Sura zilikuwa nne tena, na ile ya nne sasa ilikuwa na jina. Iliitwa Wubalem.