Mke Mwenza wa Kwenye Cheche

Siku ile, kwenye karakana ya kuchomelea iliyo kando ya barabara kuu pale Mikumi, walikuwepo watu wanne: fundi Lupakisyo, mkewe Salome, aliyemletea ugali, fundi mwenzake Yassin, na Bibi Joha, muuza chai wa jirani. Wa tano hakualikwa na mtu.

Mambo yalianzia kwenye kofia. Miaka sita Lupakisyo alichomelea kwa macho matupu, akifumba moja na kukodoa la pili. Usiku macho yalimuuma kama yamejaa mchanga, na Salome alimwekea vipande vya viazi vibichi mpaka apate usingizi. Mwishowe Salome akauza kuku wake, akaenda Kilosa kumnunulia kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi.

Asubuhi tatu mfululizo kioo kilikutwa kimepasuka, na ndani ya kofia mlinukia asumini. Yassin alikibadilisha kwa vioo vyake mwenyewe, wala hakulalamika. Lakini Salome hajipaki asumini. Akamuuliza mumewe ni nani huyo.

Lupakisyo akakiri kwa sauti ndogo kwamba zamani, akichomelea bila kioo, alikuwa akimwona mwanamke amekaa ndani ya moto, anamtabasamia. Tangu avae kofia hajamwona tena.

Wivu ukamkaba Salome. Bibi Joha alimsihi asithubutu kumtafuta yule. Salome alitaka amwone mara moja tu, ajue amezidiwa nini.

Basi mchana ule Lupakisyo akashusha kofia usoni, akapaza sauti, "Macho!" kama ilivyo desturi yao, ili walio karibu wageuke. Yassin akageuka. Bibi Joha akageuka. Salome hakugeuka.

Moto ukawaka bila mlio, harufu ya asumini ikajaa karakana nzima, na katikati ya weupe ule Salome akamwona mwanamke mwenye nywele za cheche, mzuri kuliko alivyoogopa, na hakuweza kufumba macho wala kusogea, ingawa Lupakisyo alikwishainua fimbo ya kuchomelea na Yassin alikwishakata umeme, maana moto uliendelea kuwaka wenyewe hewani, ukimsogelea usoni polepole.

"Mke mwenza," mwanamke akanong'ona, "umenificha macho yake. Nipe yako."

Lupakisyo akavua kofia, akamvisha mkewe. Yeye akabaki uso mtupu, amefumba macho kwa nguvu.

"Lupakisyo, nitazame," sauti ikabembeleza. "Mara moja tu, kama zamani."

"Sikutazami," akajibu. "Nimemshika mkono mke wangu, Mama Grace."

Moto ukazimika. Ndani ya kofia, Salome alisikia kioo kikipasuka.

Aliuguza macho siku nne, na Bibi Joha alikuja kila asubuhi kumnywesha uji kwa kijiko. Mwezi uliofuata wakahamia Kilosa. Kofia wanayo bado. Kioo chake kimeshabadilishwa mara saba tangu wahamie.