Kiti cha Wastaafu

Kila Jumatano na Ijumaa, kengele ya mwisho ikilia, Nahodha wa timu ya soka ya wasichana alipitia kwa shangazi yake, fundi cherehani, kuchukua kiti. Kilikuwa kiti cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya, na mto wake mwekundu shangazi aliushona upya kila muhula. Nahodha alikibeba kichwani hadi uwanjani na kukiweka kwenye mstari wa pembeni.

Sheria ya shule ilikuwa fupi: aliyegongwa kichwa anakaa hapo, na hachezi tena mpaka muuguzi amruhusu. Wasichana wa timu waliita huko "kustaafu". Aliyekalishwa alipigiwa makofi na kuulizwa kama ameshapata fimbo ya kutembelea.

Mwalimu wa michezo alikuwa na jibu la kila swali. Kadi za njano na nyekundu, alisema, zilitokana na taa za barabarani. Nyavu zilifungwa golini ili watu waache kubishana kama mpira umepita ndani au nje. Lakini alipoulizwa kiti kimetoka wapi, maana hakikuwemo katika kitabu chochote cha soka, alipuliza filimbi na kuamuru watu wazunguke uwanja mara tano.

Siku ya nusu fainali walikuwa wanaongoza mbili kwa moja. Kipa wao, Gundi, aliitwa hivyo kwa sababu mpira ukimfika mikononi haubanduki. Aliruka kuokoa kona akajibamiza kichwa kwenye nguzo ya goli. Nahodha alifika wa kwanza. Macho ya Gundi yalikuwa wazi, ila yanatazama mbali.

"Usiseme," Gundi alinong'ona. "Nikistaafu leo tumekwisha."

Ilikuwa kweli. Kipa wa akiba aliuogopa mpira kama nyoka. Mwalimu alikuja mbio, akauliza msichana kagongwa wapi.

"Begani, mwalimu," Nahodha akajibu.

Mchezo ukaendelea. Katika dakika kumi Gundi aliuliza mara tatu matokeo ni ngapi. Wakati wa mapumziko alitapika nyuma ya goli, akafukia kwa kiatu, akamkonyeza Nahodha. Nahodha alikwenda kunywa maji penye kiti. Shangazi, aliyekuja kutazama mechi, alikuwa amesimama kando ya kiti. Hakuwahi kukikalia hata siku moja.

"Kagongwa wapi yule?"

"Begani, shangazi."

Shangazi aliutazama mto. "Mwanangu naye alisema begani."

Nahodha alijua alikuwa na binamu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Nyumbani walisema aliugua, basi. Sasa shangazi alimweleza kwa maneno machache, kama anayesoma vipimo vya nguo. Kijana aligongwa kichwa uwanjani hapa, akadanganya, akacheza mpaka mwisho, akafunga bao. Akarudi nyumbani akisema ana usingizi. Asubuhi hakuamka. Kiti hiki ndicho alichokalia akifanya kazi za shule. Na mwalimu aliyedanganywa ni huyu huyu.

Nahodha akaweka kikombe chini, akavuka uwanja.

"Mwalimu, nilidanganya. Ni kichwa. Na ametapika."

Mwalimu hakumkemea. Alikimbilia kwa Gundi.

Gundi alipokalishwa alimwita Nahodha msaliti mbele ya timu nzima. Kabla gari la wagonjwa halijafika, alikuwa amesinzia kitini na haamki vizuri. Hospitalini walikuta damu inavuja ndani ya fuvu, wakampasua siku hiyo hiyo. Daktari alisema wangechelewa saa chache tu, asingekuwa na la kufanya. Timu ilifungwa nne kwa mbili.

Baada ya juma moja Nahodha na shangazi walikwenda kumtazama. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa.

"Tulifungwa ngapi?" Gundi aliuliza.

"Nne."

"Nimeshakuuliza hilo?"

"Leo, mara moja tu."

"Basi sijambo," Gundi akasema, na akamshika mkono.

Shangazi alikuwa anakunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa. "Mlikicheka kiti nikanyamaza," alisema. "Nilikosea. Mtoto asiyejua sheria imetoka wapi ataidanganya, na mwili wake ndio utakaolipa. Kuanzia sasa, anayekibeba atasimulia."

Jumatano iliyofuata Nahodha aliweka kiti mstarini, akawaita wenzake, akasimulia. Mwalimu alisimama nyuma yao, filimbi mkononi, na hakuipuliza mpaka Nahodha alipomaliza.