Kamba ya Kioo cha Kodok

"Nani alipaka gundi hapa?" Jatmiko aliuliza, kisu mkononi, akichuna utepe mweupe wa silikoni uliozunguka kioo cha mbele.

"Nilimwagiza fundi mmoja wa Ambarawa," Bu Lastri alijibu. "Kila mvua ikinyesha, maji yananimwagikia miguuni."

"Basi gundi haikuyazuia kuingia, Bu. Iliyazuia kutoka."

Aliubandua mpira wa zamani, mgumu kama mkate uliolala, na maji ya kutu yakatiririka juu ya dashibodi. Wening, binti wa Bu Lastri, alisimama kando akijifanya anasoma simu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuwa karibu hivi na mwanaume huyu, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa mwizi.

Hilo Kodok la mwaka 1966, yaani "Chura", kama Wajawa wanavyoliita gari hilo dogo la mgongo wa mviringo, lilikuwa la marehemu baba yake Wening. Salatiga nzima fundi wa kuaminika wa vioo vya magari hayo ni mmoja tu, na shida haina soni. Ndiyo maana Bu Lastri alimeza kiburi akaja gereji ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimkataa asimwoe Wening. Alimkataa kwa adabu lakini, kama Wajawa wanavyokataana: Bulik Harti, mama mdogo wa Wening, alipeleka sahani ya keki za mchele na ombi la kusameheana, basi. Sababu ilikuwa hesabu ya siku za kuzaliwa, kwani kila siku ina namba yake. Wening ana kumi na tatu, Jatmiko kumi na mbili. Jumla ishirini na tano, na ishirini na tano maana yake ni talaka. Wening alilia wiki mbili, kisha akatii. Jatmiko hakusema kitu, na ukimya huo ndio uliomuuma kuliko hesabu yenyewe.

Sasa Jumapili familia moja kutoka Semarang ilikuwa inakuja kumposa Wening. Mwanaume mpole, ana kazi bandarini, na hesabu zake hazina doa. Mama alitaka Kodok liwe kavu ili mkwe mtarajiwa apelekwe kaburini kwa marehemu ndani ya gari la marehemu. Wening alikuwa amesema "tutaona," na mama, kama mama wengi, akasikia "ndiyo."

Jatmiko alieleza kwamba kutu lazima ikwanguliwe na bati lipakwe rangi kabla ya mpira mpya. Warudi Alhamisi.

Alhamisi asubuhi walikuta kioo kimeshavalishwa mpira mpya, na ndani ya mfereji wa mpira kumelazwa kamba nyembamba iliyolowa maji ya sabuni. Kazi iliyobaki ni ya watu wawili. Mmoja anakaa ndani ya gari akivuta kamba taratibu, mwingine anasukuma kioo kwa kiganja kutoka nje, na mdomo wa mpira unapanda juu ya bati kidogo kidogo. Lakini mwenzake Jatmiko alikuwa ameuguliwa na mkewe. Bu Lastri aliitazama mikono yake yenye baridi yabisi, kisha akamtazama bintiye.

"Ingia wewe," alisema bila furaha.

Wening akaingia. Nyuso zao zikatenganishwa na umbali wa mkono mmoja tu, kioo katikati. Jatmiko alikuwa amekonda. Alimwelekeza kwa maneno machache, avute kuelekea katikati ya kioo, asivute kwa nguvu, na hakumtazama machoni.

Kwenye benchi mama wawili walikuwa wanakunywa chai. Bu Tumirah, mama yake Jatmiko, ana mdomo usio na pazia, na madirisha ya gari yalikuwa wazi.

"Huyu kanisumbua tangu siku ya kwanza," alikuwa anasema. "Jumatano nzima niko kwenye uchungu. Anakuja kutoka adhana ya Magharibi imeshapita, mkunga hata hajakunja mkeka wa kuswalia."

Kila Mjawa anajua kwamba jua likizama siku imeshageuka. Aliyezaliwa Jumatano baada ya Magharibi ni mtu wa Alhamisi na namba yake ni nyingine, cheti kiandike kinavyotaka. Bu Lastri aliweka kikombe chini.

Mkono wa Wening ukasimama.

"Usiache kamba, Ning. Sabuni itakauka."

"Mas Jat," alimwita kwa jina la heshima la zamani, "ulijua kwamba walihesabu siku isiyo yako?"

Jatmiko aliendelea kubana kioo kwa viganja vyote viwili. "Bulik aliniuliza, nikamsomea cheti. Kwamba nilizaliwa baada ya Magharibi, nilikuja kukumbuka siku alipoleta ile sahani."

"Ukanyamaza."

"Nilikungoja. Nilitaka umwambie mama yako unanitaka, hata ikiwa ishirini na tano. Ningeleta namba nyingine, ungekuwa umeolewa na namba."

"Na mimi nilikungoja useme neno lolote. Nililala na simu kifuani wiki mbili, nikadhani umefurahi kuponyoka." Machozi yalimtoka, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi. "Ulinipa mtihani bila kuniambia niko darasani."

"Ni kweli. Kilikuwa kiburi, na kimenila mwenyewe. Nisamehe."

Wening alimchukia kwa dakika nzima. Kisha akajiuliza ni nani aliyemziba yeye mdomo miaka yote ile, akakosa wa kumlaumu. Mama hakumfunga kamba. Yeye mwenyewe hakuwahi hata kumuuliza mama kwa nini namba iwe kubwa kuliko mtu. Nje, Bu Lastri alikuwa amekunja kidole cha kwanza, na cha pili.

"Mama, usihesabu."

"Lakini mwanangu, huenda ikawa..."

"Nataka niseme kabla hujamaliza."

Alishika kamba kwa mkono wa kushoto, akaandika kwenye simu kwa wa kulia, kisha akasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Bulik, tafadhali tuombee radhi kwa watu wa Semarang. Wasije Jumapili. Kosa ni langu, nilichelewa kusema." Akatuma.

"Namtaka Mas Jat," alisema. "Iwe namba yoyote."

Bu Lastri alikaa akiangalia mikono yake. Simu ya Wening ikalia. Bulik alikuwa ameandika: "Mama yako anajua?"

Wening alimsomea.

"Mwambie najua," mama alisema. "Ila vidole havikukungoja, nimeshamaliza. Alhamisi yake ni kumi na saba, na zako kumi na tatu. Ni thelathini."

Bu Tumirah alishika mdomo. Jatmiko akageuka, na kwa mara ya kwanza uso ulimbadilika kwa hofu.

"Thelathini ni ugomvi," Bu Lastri alisema. "Mtazozana mpaka mng'oke meno. Kuachana hakumo."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Wening alifuta uso kwa bega, akaishika kamba upya.

"Taratibu," Jatmiko alisema. "Elekeza katikati."

"Naelekeza katikati. Wewe ndiye unasukuma kwa papara."

"Nasukuma kioo kinavyotaka."

"Kimekwambia lini?"

Bu Lastri akamimina chai, akamsogezea Bu Tumirah kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mzazi wa mkwe.

"Wameshaanza," alisema.