Madawati Sitini, Shule Nne

Kila asubuhi, kabla ya kufunga begi lake, Chiriku alikunja kipande cha gunia mara mbili na kukiweka juu ya madaftari. Wenzake wengine walibeba maboksi yaliyobanwa, wengine kanga kuukuu za mama zao. Darasa la sita lilikaa sakafuni, na sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji iliyochimbika, inayokula nguo kama nondo. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikwisha kutia kiraka cha tatu nyuma ya sketi yake ya shule.

"Hii sketi sasa ina viraka vingi kuliko kitambaa," mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Uwe unakaa upande, mwanangu."

"Nikikaa upande, mama, na mwandiko unakwenda upande."

"Haya, nenda zako. Mdomo huo ndio uliokupa jina."

Ni kweli. Jina lake la shule lilikuwa jingine, lakini alipoanza kusema utotoni hakunyamaza tena, baba akamwita Chiriku, na mtaa mzima ukalipokea.

Baba alikuwa dereva wa lori la idara ya elimu ya mkoa. Siku hizo alirudi jioni akiwa hoi. Aliketi kwenye kigoda, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na mara nyingi usingizi ulimchukua miguu ingali majini. Zamani angemsimulia binti yake kila kona ya barabara. Sasa alipoulizwa amebeba nini, alijibu tu, "Mizigo."

Jumatano moja Chiriku alifika shuleni akakuta kelele za ajabu. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita walikuwa wakirukaruka milangoni. Ndani ya vyumba vyao viwili yalipangwa madawati mapya, thelathini huku na thelathini huku, yakinukia vanishi. Rafiki yake, msichana mrefu aliyepewa jina la Wakili kwa kupenda ubishi, alikuwa ameshalala kifudifudi juu ya dawati la mbele.

"Njoo, nimekushikia nafasi!" aliita. "Chiriku, leo tutaandika kama mawaziri!"

Mwalimu mkuu aliingia. Alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na asubuhi hiyo hakutabasamu hata kidogo.

"Kaeni kwa adabu," alisema, akitazama ubao badala ya watoto. "Mtu asichore wala kukwaruza. Kuna mgeni."

Mgeni alifika saa tatu. Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, viatu vimejaa vumbi: mkaguzi wa hesabu za serikali. Nyuma yake alitembea ofisa ugavi wa idara, bwana mwenye shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe.

"Ndiyo haya, mama," alisema ofisa ugavi. "Madawati yaliyotokana na fungu la maendeleo ya mkoa. Shule nne, kila moja imepata sitini. Yamefika tangu muhula uliopita."

Mkaguzi aliwasimamisha wanafunzi, akahesabu madawati kwa ncha ya kalamu, akawaketisha. Kisha akasimama mbele ya Chiriku.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, mmeanza kuyakalia lini madawati haya?"

Ofisa ugavi alikohoa. Chiriku aligeuza macho dirishani, na hapo ndipo alipoliona lori. Turubali lilikuwa limekunjwa, na baba yake ameegemea mlango wake, kofia mkononi, akitazama chini. Moyo wa Chiriku ukafanya hesabu zake haraka. Baba ndiye aliyeyaleta. Akisema yameletwa leo, baba atakuwa mashakani.

"Tangu muhula uliopita, mama," akasema.

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa maishani. Mkaguzi alimtazama kidogo, akaandika, akashukuru, akaondoka.

Adhuhuri, gari la mkaguzi lilipotokomea, ofisa ugavi alipiga makofi mawili. "Haya, vijana, saidieni kupakia!" Na watoto wale wale wakayabeba madawati yale yale, wawili wawili, hadi kwenye lori. Baba aliyapanga juu. Chiriku alipomfikia na dawati lake, macho yao yalikutana, kisha kila mmoja akayaondoa ya kwake.

"Mwalimu, yatarudi lini?" Chiriku alimuuliza mwalimu mkuu lori lilipokwisha kuondoka.

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Yarudi vipi, mwanangu? Kwenye karatasi hayajaondoka. Shule hii sasa ina madawati sitini. Mwakani mkoa ukigawa fedha, watasema hawa wamekwisha kupata, wapewe wengine."

"Lakini hatuna!"

"Mkaguzi ameandika mnayo. Na aliyemwambia ni..." Hakumalizia. "Ningeweza kusema mimi. Nimebakiza mwaka mmoja tu." Akaingia ofisini akitembea kama mtu aliyebeba gunia.

Wakili hakuwa na huruma kama yake. "Muhula uliopita!" alisema mbele ya darasa zima, akitandika boksi lake sakafuni. "Muhula uliopita tulikalia nini, Chiriku? Ulimi wako?" Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Siku hiyo Chiriku alikaa juu ya gunia lake peke yake, karibu na mlango.

Jioni hakusubiri baba asinzie. Alipomletea beseni, alisimama mbele yake.

"Baba, leo nimedanganya."

"Nilikusikia. Dirisha lilikuwa wazi." Baba aliingiza mguu mmoja majini. "Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa sababu yako, kwa sababu yangu."

"Nilidhani watakufukuza kazi."

"Najua." Aliingiza na mguu wa pili. "Madawati ni sitini tu, mwanangu. Shule nne, madawati sitini. Juzi yalikuwa shule ya kituo cha mabasi. Leo kwenu. Ijumaa niyapeleke shule ya ng'ambo ya mto kabla mkaguzi hajafika. Yaliyobaki hayakununuliwa kamwe. Nani alikula fedha sijui, mimi ni mtu wa usukani. Lakini migongo yenu naijua, maana nakuona unavyonyoosha wako kila ukirudi."

Mama alikuwa amesimamisha cherehani. "Baba Chiriku," alisema taratibu, "umekwisha kuanza kusema kama mtu anayetaka kwenda mahali."

"Ndiyo. Nataka kwenda kwa yule mama mkaguzi."

"Na ukifukuzwa kazi? Kodi ya nyumba ataleta nani? Sikukatazi, mume wangu, nauliza tu."

"Mwenzangu, nimechoka. Nikibeba saruji, usiku nalala, asubuhi mwili umerudi. Mzigo huu nalala nao, naamka nao." Akaichukua kofia yake, akaitazama ndani kama anayetafuta kitu. "Nina daftari la safari za lori. Ofisa ugavi aliniambia niandike 'gari limekwenda gereji'. Sikuandika hivyo. Kila safari nimeandika ilivyokuwa, tarehe, shule, mzigo. Sijui hata nilikuwa namwandikia nani."

Mama alilitazama daftari lililokuwa juu ya rafu, kisha akamtazama binti yake. "Basi mwende wote wawili," alisema. "Wewe na daftari lako, na huyu na ulimi wake. Kila mmoja akatoe chake."

Alhamisi asubuhi walimkuta mkaguzi katika chumba kidogo cha jengo la mkoa, nyuma ya mafaili yaliyopangwa mpaka kidevuni. Pangaboi lilizunguka kwa kulalamika. Aliwakaribisha viti, na hakuonekana kushangaa sana.

"Mama," Chiriku alianza, na kwa mara ya kwanza maneno yalimkwama. "Jana nilikwambia uongo. Madawati yaliletwa jana asubuhi. Mchana yakachukuliwa. Tunakaa chini."

"Nani alikufundisha kusema vile?"

"Hakuna. Nilijifundisha mwenyewe. Nilimwona baba dirishani."

Mkaguzi alivua miwani, akasugua macho. "Nilipowasimamisha niliona viraka vya sketi zenu. Mtoto mwenye dawati hachakai nyuma namna ile. Lakini kiraka si ushahidi, mwanangu. Ushahidi niliokuwa nao ni neno lako, na neno lako lilisema mko salama. Ningeandika nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka kwenye sketi yenyewe.

"Usilie. Jana ulikosea, leo umetembea mpaka hapa kurekebisha. Wapo watu wazima nimewasubiri miaka." Akamgeukia baba. "Na wewe, bwana dereva?"

Baba alisimama, akaweka daftari mezani kwa mikono miwili. Mkaguzi alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza, aliandika maelezo ya Chiriku upya, akamsomea baba kila neno, akamtaka atie sahihi kama mzazi.

"Kazi yangu ni kuuliza," alisema. "Serikali imetoa fedha kwa niaba ya watu, basi idara lazima ionyeshe kila kitu kilichonunuliwa. Lakini siwezi kuuliza vizuri kama kila ninayemuuliza ananionea haya au ananiogopa. Nitafanya linalowezekana. Halitakuwa la haraka, wala sitakuahidi kwamba hutaumia."

Ijumaa baba aliyapeleka madawati kama alivyoagizwa, lakini mkaguzi hakwenda ng'ambo ya mto peke yake kama ilivyopangwa. Alituma watu wanne katika shule nne, saa ile ile na dakika ile ile, wahesabu madawati. Shule ya ng'ambo ya mto ilikuwa na sitini. Nyingine tatu hazikuwa na hata moja.

Yaliyofuata yalikuwa ya polepole, kama alivyosema. Ofisa ugavi alisimamishwa kazi, kisha akafikishwa mahakamani pamoja na mfanyabiashara aliyelipwa kwa madawati ambayo hakuyatengeneza. Mkuu wa idara aliitwa mbele ya baraza la madiwani, akaulizwa maswali mpaka akaomba maji. Lakini baba naye alinyang'anywa funguo za lori "mpaka uchunguzi uishe". Kwa wiki kumi na moja alikaa kwenye yadi ya idara, akiosha magari ya wenzake. Posho ya safari ilikatika. Baadhi ya majirani walisema amejipalia makaa mwenyewe. Mama alishona hadi vidole vikavimba, na nyumbani walijifunza kusema "tumeshiba" mapema.

Siku moja Chiriku alimpelekea baba chakula yadini, akamkuta amelowa hadi magotini, kitambaa begani.

"Baba, unajuta?"

Baba alifikiri, maana hakupenda kumjibu mtoto ovyo. "Nimechoka," alisema. "Lakini usiku nalala."

Muhula ulipoisha barua ya kumrudisha baba kazini ilikuja, na funguo zikarudi. Wiki ya pili ya muhula mpya, lori liliingia shuleni likinguruma, baba kwenye usukani, madawati mapya kutoka karakana ya idara yamefungwa kamba nyuma. Safari hii darasa la tano na la sita waliyateremsha polepole, kama wasioamini. Wakili alibeba upande mmoja na Chiriku upande wa pili.

"Nilikusema vibaya," Wakili alisema, akihema.

"Ulisema kweli."

"Hata kweli ina namna ya kusemwa. Inua kwako, linaegemea huku!"

Jua lilikuwa kali na kila mtu ametota jasho. Karani wa idara alimletea mwalimu mkuu hati ya kupokelea mali. "Tia sahihi hapa, mwalimu. Madawati sitini."

"Subiri." Mzee alimwita Chiriku. "Kahesabu, mwanangu."

Chiriku alihesabu, akarudi, akahesabu tena. "Hamsini na tisa, mwalimu."

Karani alifuta shingo kwa leso. "Litakuwa limesahaulika karakana. Ni moja tu, mzee. Andika sitini, wiki ijayo tutalileta. Sote tumechoka hapa."

Mwalimu mkuu aliitazama kalamu yake kwa muda. Kisha akakata neno sitini kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "hamsini na tisa", akatia sahihi, na nakala akaibandika ukutani nje ya ofisi, kwenye kimo ambacho mzazi yeyote angeweza kuisoma.

Halafu akawageukia wanafunzi.

"Nisikilizeni, wanangu. Siku ile ya mkaguzi nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima kuliko wote chumbani, na nikamwachia mtoto ajibu. Naomba mnisamehe." "Wizi wa fedha za umma huanza na mtu mbaya, lakini huendelea kwa sababu ya watu wema waliochoka. Huyu anasema, 'Ni moja tu.' Yule anasema, 'Nimebakiza mwaka mmoja tu.' Mwisho wake, shule tatu nzima zinakaa chini. Mali ya umma haina mwenyewe mmoja, kwa hiyo kila mmoja wenu ni mwenyewe. Mkiulizwa, semeni mlichokiona. Mkipewa kuhesabu, hesabuni mpaka mwisho, hata jua likiwaka."

Hakuna aliyepiga makofi. Hayakuwa maneno ya kupigiwa makofi. Karani alikunja hati yake. Baba alipanda lori, akawasha injini.

"Unakwenda wapi tena, baba?" Chiriku aliuliza. "Hata maji hujanywa!"

"Karakana," baba alijibu, akinyoosha mgongo. "Kulifuata la sitini."