Seremala na Mashine ya Kupasua Ngiri

Seremala alikuwa na uvimbe kinenani. Akisimama, unatokeza. Akilala, unarudi ndani. Kwa miezi minane aliuficha, hata kwa mkewe. Siku moja alinyanyua mlango mzito, maumivu yakambana, akakaa chini.

"Baba watoto, una nini?" mkewe akauliza.

"Kitu kidogo tu."

"Kidogo, na kusimama huwezi? Twende hospitali."

Daktari akasema ni ngiri. Ukuta wa tumbo umelegea, na utumbo unasukumwa kupitia tundu lake. Dawa za kunywa haziwezi kuliziba. Utumbo ukinaswa hapo, mtu anaweza kufa. Inatakiwa apasuliwe.

Kisha muuguzi akawaeleza kwamba hospitali inafanya majaribio ya kupasua ngiri kwa roboti.

Seremala akakaa vizuri. "Roboti ndiyo inayokata?"

"Hapana, kaka. Anayekata ni daktari. Anakaa pembeni, anatazama kwenye kioo kama cha televisheni, na mikono ya mashine inafuata mikono yake. Inapita kwenye matundu madogo matatu tumboni. Halafu anaweka wavu laini pale palipolegea."

"Kama kiraka. Na umeme ukikatika?"

"Kuna jenereta. Mashine ikigoma, madaktari wanamalizia wenyewe."

Mkewe hakuridhika. "Mnasema mnajaribu. Yaani hamjui?"

"Hatujui kama inashinda njia ya kawaida," muuguzi akajibu bila kukwepa. "Ndiyo maana tunalinganisha. Kura inaamua nani apate njia ipi. Mumeo akikataa kushiriki, atatibiwa kama kawaida, na hakuna atakayemnunia."

Seremala akaomba kuiona mashine. Akaizunguka mara mbili, akachungulia viungo vyake. Kesho yake akatia saini fomu ya kukubali. Kura ikaangukia roboti.

Alirudi nyumbani siku ya pili baada ya kupasuliwa, akitembea polepole. Kwa wiki sita hakunyanyua kitu kizito. Kila alipokwenda kupimwa, muuguzi aliandika yote, hata muwasho wa kovu. Uvimbe haukuonekana tena.

Aliporudi kazini, jirani yake, fundi wa kupaka rangi, akaja. "Nionyeshe makovu."

Seremala akainua shati. Fundi rangi akayatazama, kisha akashusha sauti.

"Na mimi ninao uvimbe kama wako. Mwaka wa pili huu."

Seremala akaweka randa chini. "Kavae viatu. Tunakwenda sasa hivi."