Picha Pana ya Shamba la Baba

— Tuncay, huku magharibi mwa picha mwanga umepaunguza kabisa! Njoo uone mwenyewe.

Hakuja. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, amenipa mgongo, anapuliza chai iliyokwisha kupoa zamani.

— Wapi?

— Kwenye shamba la baba, upande wa kisima. Udongo mweupe pee, kama mtu kamwaga unga. Hata mstari wa jembe hauonekani. Ni wewe uliyerusha au ulimwazima mtu droni?

— Upepo ulikuwa mkali, Nazmiye. Niliharakisha.

— Upepo unatikisa picha, hauunguzi. Ulisahau kufunga mwanga?

— Labda nilisahau.

Nikacheka. Tuncay kusahau kufunga mwanga! Mtu niliyemfundisha kwa kelele mpaka sauti ikanikauka!

Kazi yetu ilikuwa hivi: yeye anarusha droni juu ya mashamba ya Karapınar, anaizungusha polepole, anapiga picha ishirini na kitu, kila moja imeingia kidogo ndani ya mwenzake. Mimi nakaa kwenye kompyuta nazishona ziwe picha moja pana. Siku za mwanzo aliniletea uchafu mtupu. Aliiachia kamera ijichagulie mwanga, basi ikitazama jua picha inakuwa giza, ikilipa jua mgongo inang'aa, na nikiziunganisha anga inatoka na viraka kama blanketi la maskini.

— Funga mwanga, kamera isiubadilishe yenyewe, kabla hujaanza kuzungusha, nilimgombeza. Na kila mahali piga mara tatu: moja ya giza, moja ya kati, moja angavu. Ile ya giza usiidharau, ndiyo inayotunza udongo mweupe.

Wiki ya pili alileta kazi safi na mikate miwili ya ufuta, bado ya moto.

— Nimefunga mwanga, mwalimu. Sasa wewe moyo utaufungua lini?

Niliufungua siku hiyo hiyo, ila sikumwambia mpaka mwezi ulipopita.

Alipokuja kuposa, baba yangu, Mzee Durmuş, alimtazama muda mrefu juu ya glasi ya chai.

— Mama yake amekufa. Ukimchukua huyu, mimi nabaki na nani kijijini? Nikiuza shamba nikahamia Konya mjini, umchukue kwa baraka zote. Kabla ya hapo, usinitajie harusi.

Shamba lilikaa miaka miwili bila mnunuzi. Watu wanaogopa. Kwetu ardhi hufunguka: visima vimefyonza maji ya chini, na siku moja shamba la mtu linazama, linabaki shimo la duara refu kama mnara uliogeuzwa. Mashimo hayo tunayaita obruk. Baba ndipo akamwomba Tuncay apige picha moja nzuri ya kutangazia, na picha hiyo ndiyo iliyokuwa mbele yangu asubuhi ile ya Aprili.

— Na namba za faili zinaruka, nilisema. Arobaini na moja, arobaini na nne, arobaini na saba. Za katikati ziko wapi? Niletee zile za giza niokoe huu udongo.

— Nilizifuta. Zilitikisika.

— Zote?

— Nazmiye, wewe unataka harusi au unataka udongo?

Aligeuka akatabasamu, nami nikayeyuka. Nikang'arisha shamba zima lifanane na ile sehemu iliyoungua, nikapaka kijani kidogo kwenye ngano. Ilitoka picha ya kupendeza mno.

Mnunuzi alipatikana siku ya tisa. Aliitwa Kadir, alikuwa amefanya kazi kiwandani Ujerumani miaka kumi na minane. Alipiga simu akiwa huko huko.

— Mzee Durmuş, nimeiona hiyo picha kwenye simu, mke wangu kalia. Tangazo lishushe. Nakuja.

Alipofika alilikagua shamba kwa miguu. Baba alikuwa amelilima lote upya, udongo laini kama kitanda. Mwezi wa sita baba akahamia Konya, na Kadir na mkewe Ümmühan wakaingia kwenye nyumba niliyozaliwa. Picha yangu waliichapa kubwa wakaitundika sebuleni. Tulipokwenda kuwasalimia, Kadir alinisimamisha mbele ya picha hiyo.

— Dada Nazmiye, kule kiwandani nilikuwa naona ukuta tu. Kila siku ukuta. Wewe umenipa hiki.

Tuncay hakumaliza chai yake. Nilidhani anaumwa. Harusi ilikuwa imepangwa tarehe kumi na nne Septemba.

Agosti ishirini na mbili, saa kumi alasiri, simu ikalia.

— Nazmiye! Nazmiye, limemmeza!

— Dada Ümmühan? Nini kimemmeza nani?

— Ardhi! Kadir! Alikwenda kufungua maji na trekta... nimesikia kishindo, nimetoka, hakuna kitu! Hakuna trekta, hakuna mtu, hakuna kisima!

Mimi na Tuncay tulifika pamoja na askari wa jandarma, polisi wa vijijini. Pale palipokuwa na kisima palikuwa na shimo lenye upana wa kumeza msikiti, na vumbi bado linapanda. Ümmühan alikuwa ameshikwa na wanawake watatu, anataka kutambaa mpaka ukingoni.

— Nani ana droni? sajini aliuliza. Mtu yeyote asisogee. Tuone kwanza ndani.

Tuncay aliishika rimoti. Droni ikapaa ikiyumba, nusura igonge nguzo ya umeme.

— Lete, nikamwambia.

Nikaishusha shimoni mimi mwenyewe. Chini kulikuwa na maji meusi na gurudumu moja la nyuma la trekta. Hakuna kilichosogea. Niliita jina la Kadir kana kwamba droni ina masikio.

— Sasa ipandishe juu, sajini alisema taratibu. Nipe picha ya eneo lote, nijue watu niwaweke wapi.

Nikapanda mita mia. Nikafunga mwanga, nikazungusha. Jua lilikuwa limeshuka ubavuni, na kwa jua la namna hiyo kila mkunjo wa ardhi unapata kivuli chake. Kwenye skrini nyufa zikajitokeza moja baada ya nyingine, upinde juu ya upinde, zikizunguka shimo na kuelekea kwenye nyumba.

Sajini akainama.

— Dada, hizi si za leo. Tazama hapa, nyingine zina magugu ndani. Hakuna aliyewahi kuliona shamba hili kutoka juu?

Nikamgeukia Tuncay. Kila mtu pale alikuwa anatazama skrini. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Kesho yake nilifungua duka kabla hajafika. Nikachomeka diski yake, nikapekua Aprili yote: hakuna. Mwishoni nikafungua folda aliyoiita "Harusi", ambayo alinikataza kuigusa kwa sababu, alisema, kuna zawadi yangu ndani.

Zilikuwa humo zote. Arobaini na mbili, arobaini na tatu, arobaini na tano. Zile za giza na zile za kati. Hazikutikisika hata kidogo. Udongo wa shamba la baba ulionekana punje kwa punje, na karibu na kisima palikuwa na mstari mweusi uliopinda kama mundu.

Aliingia na mikate mikononi. Alipoiona skrini, akaiweka mezani polepole.

— Ulijua, nilisema.

— Nazmiye...

— Uliniletea ile iliyoungua makusudi. Ukaniacha niing'arishe. Kwa mikono yangu, Tuncay! Mimi ndiye niliyeufuta huo ufa!

— Nilimwonyesha baba yako.

— Nini?

— Siku ile ile. Nilikwenda nyumbani na picha ya giza, nikamwambia, mzee, hapa pameanza kukatika, usiuze. Akafunga mlango. Akaniuliza, "Unamtaka binti yangu, humtaki?" Nikasema namtaka. Akasema, "Basi hukuona kitu. Nitapalima."

— Na wewe ukasema sawa.

— Nilisema huenda lisifunguke! Nyufa ziko kila mahali, nyingine zinakaa miaka thelathini! Miaka miwili nakungoja, Nazmiye. Nilikuwa nakutaka.

— Kadir alikukaribisha chai.

— Najua.

— Alikuita ndugu yake.

— Najua! Unadhani nalala?

— Mbona hukuzifuta, basi?

Alikaa chini, sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu.

— Kila nikitaka kufuta, mkono unakataa. Nilisema nikishakuoa nitamwambia Kadir ahame. Tuoane tu kwanza. Zilibaki wiki tatu.

Nililia, naye akalia. Nataka niseme nilimchukia, lakini ningekuwa nadanganya. Nilitaka kumshika kichwa nimwambie yataisha. Nilichomoa diski, nikatoka.

Baba nilimkuta kwenye roshani ya nyumba yake mpya, anamenya tango.

— Umesikia ya Kadir?

— Nimesikia. Mungu amrehemu.

— Baba, Tuncay ameniambia.

Kisu kikasimama. Hakukana, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Mimi nimelala juu ya ardhi ile miaka sitini na tatu, alisema. Mbona haikunimeza mimi? Nilijua nitakufa kabla haijafunguka. Nilitaka uolewe, mwanangu. Ulikuwa unazeeka jikoni kwangu.

— Kwa hiyo umemuua mtu kwa ajili yangu?

— Usiseme hivyo.

— Niseme vipi? Nifundishe.

— Usiseme kabisa. Umebaki wewe tu duniani ninayekuita wangu. Ukisema, sina mtoto.

Kadir walimtoa siku ya tatu. Tulimzika adhuhuri, nami nilisimama nyuma kabisa nisionane macho na mtu.

Siku ya pili baada ya maziko, ujumbe wa Tuncay ukaingia:

"Nimekwenda kwa jandarma mwenyewe. Nimewaambia nilificha ufa peke yangu ili picha ipendeze. Mzee hakujua lolote. Usiongeze neno, mpenzi wangu. Nakuachia baba yako. Sina kingine cha kukupa."

Niliusoma nimesimama kituo cha basi, nikakaa chini palepale kwenye lami. Mwanamume aliyeniharibia maisha ndiye sasa aliyekuwa anatoa yake kuniokoa, na alikuwa ananiokoa kwa uongo mwingine tena. Nikimnyamazia, baba yangu atakufa kitandani kwake, na Tuncay atazeekea jela kwa kosa la watu wawili. Nikisema, nawapoteza wote kwa siku moja.

Nilimpigia baba.

— Tuncay amejitwika peke yake. Nenda ukaseme ukweli mwenyewe, baba. Nakuomba. Nenda kabla yangu.

Nilisikia redio ya jirani yake.

— Tarehe kumi na nne, alisema mwishowe. Ukumbi nimeshaulipia.

— Baba, unanisikia?

— Waambie wenye ukumbi warudishe viti.

Akakata.

Nilimngoja siku mbili. Hakwenda. Siku ya tatu nikapeleka diski kwa mwendesha mashtaka. Nilieleza picha ya giza na picha angavu, nilieleza nilivyoshona, nilieleza nani alifunga mlango na nani alilima. Karani aliandika kila kitu. Aliponiuliza uhusiano wangu na Durmuş, nikasema ni baba. Na Tuncay? Nikasema ni mchumba. Alinyanyua macho, kisha akaendelea kuandika.

Baba alichukuliwa jioni hiyo. Tarehe kumi na nne Septemba ilipita, nilifua mapazia.

Kesi ilianza Novemba. Waliletwa wakipitia ukumbi wa mahakama, kila mmoja na askari wake. Baba alinipita kama anavyopita mtu karibu na kiti. Tuncay alisimama.

— Umekonda, alisema.

— Na wewe.

— Nilikuachia baba yako, Nazmiye. Mbona hukumchukua?

— Kwa sababu damu ya Kadir haiko juu yako peke yako.

Aliinamisha kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyekubali kosa. Askari akamsukuma kidogo, wakaingia.

Nilipogeuka, Ümmühan alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa kitambaa cheusi, ameshuhudia yote. Sikuwa nimesema naye tangu maziko. Nilitaka kupita, nikasimama mbele yake.

— Dada Ümmühan, ile picha niliishona mimi. Sikujua, lakini ni mimi niliyeing'arisha. Nitukane. Nipige kama unataka.

— Wamenisomea ulichoandikisha, alisema. Nimechoka kutukana.

Akasogeza mkoba wake kutoka kwenye benchi, ukapatikana upenyo. Nikakaa. Tukasikiliza majina ya watu wengine yakiitwa.

— Yule kijana, alisema bila kunitazama. Bado unampenda?

Ningeweza kusema hapana. Yeye ndiye mtu aliyestahili kuambiwa hapana kuliko wote duniani.

— Ndiyo, nikasema.

Alivuta pumzi ndefu, akakunja mikono mapajani.

— Na mimi wangu bado nampenda, alisema. Mungu atusaidie. Sijui tutayapeleka wapi mapenzi haya.

Mlango ukafunguliwa. Wakamwita yeye kwanza, akatoe ushahidi.